Bunduki za .22 nusu otomatiki za bei nafuu: anza na magazini, chapa baadaye

Anayetafuta bunduki ya .22 LR (risasi ndogo yenye kipenyo cha takriban inchi 0.22) inayojipakia yenyewe kwa pesa kidogo huulizia kwanza chapa, kisha mtutu. Afadhali aanze na magazini, yaani kisanduku au bomba linaloshika risasi. Mitutu ya kundi hili inakaribiana mno. Mingi ina mifuo ya ndani inayozunguka mara moja kwa kila inchi 16, na ukiipa risasi inayoipenda, itakuwekea tundu tano ndani ya sentimita 3 hadi 5 kwa umbali wa mita 50. Tofauti kati ya bunduki inayokupa mchana mzuri na ile inayokwama kila baada ya risasi nane iko kwingine: jinsi risasi inavyotoka kwenye magazini kwenda chemba (sehemu ya nyuma ya mtutu inamolipukia), na jinsi ganda tupu linavyotoka chemba kwenda nje.

Tunazilinganisha saba: Ruger 10/22, Marlin Model 60, Savage 64, Rossi RS22, Mossberg 702 Plinkster, Winchester Wildcat na Smith & Wesson M&P15-22. Kwa bei mpya dukani, Rossi kwa kawaida ndiyo ya chini kabisa, Savage na Mossberg ziko karibu nayo, Wildcat na 10/22 ya kawaida ziko katikati, na M&P15-22 iko juu. Marlin utaipata zaidi ikiwa imetumika, kwa sababu tutakayoieleza.

| Bunduki | Uzito (takriban) | Mtutu | Magazini |
|---|---|---|---|
| Ruger 10/22 | kilo 2.3 | sm 47 | ya kuzunguka, risasi 10 |
| Marlin Model 60 | kilo 2.5 | sm 48 (za zamani sm 56) | bomba chini ya mtutu, risasi 14 |
| Savage 64 | kilo 2.3 | sm 52 | boksi, risasi 10 |
| Rossi RS22 | kilo 1.9 | sm 46 | boksi, risasi 10 |
| Mossberg 702 | kilo 1.8 | sm 46 | boksi, risasi 10 |
| Winchester Wildcat | kilo 1.8 | sm 46 | ya kuzunguka, risasi 10 |
| S&W M&P15-22 | kilo 2.3 | sm 42 | boksi refu, risasi 25 (zipo za 10) |

Kwa nini .22 inakwama kuliko bunduki kubwa

Zote saba zinafanya kazi kwa njia moja. Hakuna kufuli linaloshika bolti, kile chuma kinachofunga chemba na kurudi nyuma kila risasi inapopigwa. Baruti ikiwaka, ganda lenyewe linaisukuma bolti nyuma, na kinachoizuia isifunguke mapema ni uzito wake pamoja na springi. Ni mfumo rahisi na wa bei ndogo, lakini ni mchoyo: nguvu ya risasi ikipungua kidogo, bolti hairudi nyuma vya kutosha, chemba ikichafuka kidogo, ganda linang'ang'ania, springi ikilegea, kila kitu kinagongana.

Halafu kuna risasi yenyewe. Kichocheo cha .22 LR (unga unaowasha baruti ukigongwa na pini) kimesambazwa ndani ya ukingo wa kitako cha ganda, hakiko katikati kama kwenye risasi kubwa. Sehemu moja ya ukingo ikikosa kichocheo cha kutosha na pini ikagonga hapo hapo, hakuna mlipuko. Igeuze risasi hiyo nusu mzunguko, uipige tena, mara nyingi inalipuka. Hilo si kosa la bunduki, na watu wengi wameuza bunduki nzima kwa sababu ya kopo la risasi za jumla.

Kichwa cha risasi nacho ni laini, mara nyingi ni madini ya risasi matupu yaliyopakwa nta au mafuta. Nta hiyo ikichanganyika na masizi na mafuta uliyomwaga kwenye bolti, unapata lami. Ndiyo maana .22 hutaka mafuta machache: tone moja kila upande wa bolti, basi.

Kwa kipimo: CCI Standard Velocity inatoka kwa takriban mita 326 kwa sekunde, na CCI Mini-Mag yenye kichwa cha greni 40 (gramu 2.6 hivi) kwa takriban mita 376. Bunduki mpya ambayo springi yake bado ni ngumu inaweza kusita na ile ya kwanza na kumeza ya pili bila tatizo. Usiihukumu bunduki mpya kwa risasi za polepole. Iache kwanza ipige mia mbili hivi za kasi.

Ruger 10/22

Imekuwa sokoni tangu 1964, na sababu ya kudumu kwake ni magazini. Risasi hazipangwi moja juu ya nyingine. Zinakaa kwenye gurudumu la plastiki lenye vijumba kumi, kila moja peke yake, kwa hiyo kingo za maganda haziwezi kushikana. Midomo inayoishika risasi ya mwisho kabla haijasukumwa ni ya chuma, imefungwa ndani ya boksi la plastiki. Hata ikidondoka kwenye mawe, midomo hiyo haipindi kirahisi. Magazini haitokezi chini ya kitako cha mbao, na hilo linamfaa anayetembea porini.

Udhaifu wa magazini hii ni mmoja. Gurudumu linasukumwa na springi iliyokazwa kwa skrubu ya mbele. Ukiifungua kwa ajili ya kusafisha bila kuangalia springi ilikuwa imekazwa kiasi gani, utairudisha ikiwa legevu. Dalili yake haina utata: risasi za kwanza zinapanda vizuri, tatu au nne za mwisho zinabaki chini na bolti inapita juu yao. Ukiona hivyo, fuata hatua za kukaza springi zilizo kwenye kijitabu cha bunduki. Usiikimbilie ekstrakta, ile kulabu inayochomoa ganda tupu chembani.

Mtutu unashikwa na kipande chenye umbo la V na skrubu mbili. Kwa hiyo mwenye bunduki anaweza kubadilisha mtutu nyumbani, bila fundi wala mashine, na hapo ndipo ilipozaliwa biashara nzima ya vipuri vya 10/22. Lakini kipande hicho hicho kina kasoro yake. Kinauvuta mtutu nyuma na chini kidogo, na kwenye bunduki zenye tundu legevu mtutu huinama kiasi cha kumaliza marekebisho ya darubini. Ukinunua iliyotumika, shika mtutu kwa mkono mmoja na kiwiliwili (mwili unaobeba bolti) kwa mwingine, jaribu kuvitikisa. Pasiwe na mchezo hata kidogo.

Kitu kingine kinachowasumbua watu: shabaha inahama baada ya kusafisha. Kwenye toleo la kawaida lenye kitako cha mbao, kiwiliwili kinashikwa na skrubu moja, na mbele kuna pete inayobana mtutu na kitako. Ukikaza skrubu leo kwa nguvu na kesho kwa ulegevu, risasi zitaangukia pengine. Weka kiwango kimoja, kati ya Nm (nyutoni-mita) 2 na 2.5, na ukirudie kila mara. Pete ya mbele ikazwe kidogo tu. Wengine huiondoa kabisa, na bunduki yao haidhuriki.

Triga ya kiwandani ni nzito na ina mkwaruzo, takriban kilo 2.7. Ruger yenyewe inauza BX-Trigger ya kilo 1.1 hadi 1.4, inayoingia kwa kutoa pini mbili. Ni kweli kwamba nyumba ya triga za sasa ni ya plastiki badala ya alumini. Wazee wa bunduki hulalamikia sana jambo hilo, ingawa plastiki hiyo haivunjiki kirahisi, na inavumilia joto na baridi bila kubana sehemu za ndani.

Mambo mawili ya kuvumilia. Bolti haibaki wazi risasi zikiisha, kwa hiyo unajua zimeisha kwa kusikia "kliki" tupu. Na matoleo mengi hayana tundu nyuma ya kiwiliwili, kwa hiyo ufito wa kusafishia unapitia mdomoni mwa mtutu, mahali ambapo mkwaruzo mdogo unaharibu ulengaji. Tumia kamba ya kuvutia kutoka nyuma kwenda mbele, uache ufito.

Kwa anayetaka bunduki moja ya kukaa nayo miaka mingi, hii ndiyo. Mtutu wa nyingine kwenye orodha unaweza kuwa mzuri zaidi. Ila 10/22 ikiharibika chochote, kipuri kipo, na kwa kawaida kipo kwa aina tano.

Marlin Model 60

Ilianza 1960 na ikatengenezwa kwa mamilioni. Remington iliinunua Marlin 2007, ikafilisika, na 2020 jina la Marlin likaenda kwa Ruger, ambao walianza upya na bunduki za liva, zinazopakiwa kwa kusukuma mkono ulio chini ya triga. Ndiyo maana Model 60 nyingi utakazokutana nazo zimeshapita mikononi mwa watu.

Kwa ulengaji wa moja kwa moja kutoka boksi, bila kubadilisha kitu, Model 60 huishinda 10/22 ya kawaida mara nyingi. Mtutu wake una mifuo 16 myembamba, na umefungwa kwenye kiwiliwili kwa namna isiyolegea. Anayetaka tu kupiga sungura au makopo kwa mita 50, asiye na mpango wa kubadilisha vipuri, atapata zaidi hapa kwa pesa ndogo.

Shida iko kwenye bomba na koo. Risasi 14 zinakaa kwenye bomba chini ya mtutu, zikisukumwa na springi ndefu. Bomba la nje likibonyea kidogo tu, risasi zinakwama njiani. Nyuma ya chemba kuna koo la kupitishia risasi, lenye vipande viwili vya pembeni na springi ndogo kama unyoya, na mkono unaoinua risasi. Lami ya nta ikijaa pale, risasi inapanda ikiwa imepinda, pua inagonga ukingo wa chemba. Kusafisha koo hilo kunahitaji kutoa sehemu nzima ya triga na kuwa na subira na springi zinazoruka. Ukijua kutumia bisibisi tu, mpe fundi.

Kipuri cha kwanza kubadilisha kwenye Model 60 yoyote ya zamani ni kizuizi cha plastiki kilicho nyuma ya kiwiliwili, kinachopokea kishindo cha bolti. Umri na mafuta huigeuza plastiki hiyo kuwa ya njano na kukatika. Kikikatika, vipande vinaingia kwenye triga, na bolti inaanza kugonga chuma kwa chuma. Kipuri ni cha bei ya kutupa, na kukiacha ni kuiua bunduki polepole.

Kuna jambo la usalama linalopaswa kusemwa bila kupaka rangi. Bunduki ya bomba haiwezi kuthibitishwa kuwa tupu kwa kuchomoa kitu. Risasi moja inaweza kushikwa na uchafu ndani ya bomba, usiione ukifungua bolti, halafu ikateremka baadaye. Toa bomba la ndani lote, inamisha bunduki, vuta bolti mara kadhaa, kisha tia kidole chemba. Na unapopakia, mikono inakuwa karibu na mdomo wa mtutu. Bolti iwe wazi au kufuli ya usalama imefungwa, na uso usiwe mbele. Kwa sababu hii tu, Model 60 hatungeipendekeza kuwa bunduki ya kumfundishia mtoto.

Savage 64

Inatengenezwa Lakefield, Ontario, nchini Kanada. Mtutu ni mzuri, mrefu kuliko zote humu isipokuwa Marlin za zamani, na chuma chake hakina ujanja. Pia ni mojawapo ya chache za bei hii zenye toleo la kweli la mkono wa kushoto, linalotupa maganda upande wa kushoto badala ya kuyapitisha mbele ya pua ya mpigaji. Kwa mtu wa mkono wa kushoto, mjadala unaishia hapo.

Magazini ndiyo tatizo. Ni boksi la bati lililokunjwa, na midomo yake ndiyo inayopanga pembe ya risasi kupanda. Ikidondoka ikatua kwenye kona, mdomo mmoja unafunguka kwa kiasi ambacho jicho halioni, na risasi zinaanza kupanda mapema au kugonga chini ya chemba. Usijaribu kuirudisha kwa koleo mpaka umeilinganisha na nyingine nzima: ziweke kando kwa kando, pima upana wa midomo kwa kaliper mahali palepale pa zote mbili. Nunua magazini tatu siku ileile, uziandike namba kwa kalamu ya rangi. Siku kukiwa na mkwamo, utajua kama ni bunduki au ni "namba 2".

Triga ni nzito. Watu hufikiri ina AccuTrigger, triga ya Savage inayorekebishika, kwa sababu jina la Savage limefungamana nayo; hii haina, na vipuri vya kuibadilisha ni haba.

Rossi RS22 na Mossberg 702

Tunaziweka pamoja kwa sababu ukizishika mkononi utaona ukoo. Zote zinatoka Brazili, zote ni nyepesi mno, zote zina kitako cha plastiki kisicho na kitu ndani. RS22 ina alama za kulengea zenye nyuzi za kung'aa, nyekundu mbele na kijani nyuma, zinazosaidia sana jioni. Kwa bei yake hilo ni ukarimu.

Zinafanya kazi? Ndiyo, kwa kiwango kinachowashangaza wengi, mradi risasi ziwe za kasi na chemba iwe safi. Wasiwasi wetu uko kwingine. Mifuo ya kufungia darubini iko kwenye alumini laini, na skrubu za pete zikikazwa kwa hasira zinaila. Magazini ni ya plastiki, na midomo ya plastiki huchakaa. Na baada ya miaka, ukihitaji ekstrakta au springi, utakuwa unamwomba mwagizaji badala ya kwenda dukani. Kati ya hizi mbili, chukua ile ambayo magazini zake za ziada zimewekwa kwenye kaunta unaponunulia. Kingine chochote ni tofauti ya nembo.

Wepesi una gharama pia. Bunduki ya kilo 1.8 haitulii ukiwa umesimama. Kila mpigo wa moyo unaonekana kwenye darubini. Anayefanya mazoezi ya shabaha atachoka nayo haraka, anayepanda mlima ataisifu.

Winchester Wildcat

Inatengenezwa Uturuki, na walioibuni walikuwa wamezisikiliza lawama za 10/22 moja baada ya nyingine. Unabonyeza kitufe nyuma, na sehemu yote ya chini yenye bolti na triga inatoka mkononi bila kifaa. Ndani yake kumefichwa vyuma viwili vya kukazia skrubu. Kwa kuwa nyuma ya kiwiliwili kuna nafasi, ufito wa kusafishia unapitia upande wa chemba, sio mdomoni. Magazini ni ya kuzunguka, na bunduki inapokea pia magazini za 10/22, kwa hiyo umenunua bunduki changa yenye ghala la magazini za miaka sitini.

Kinachokosekana ni muda. Mtu anaweza kukuonyesha 10/22 ya babu yake ikiwa bado inapiga. Wildcat ilikuja juzi, karibu 2020, na sehemu kubwa ya mwili wake ni plastiki. Kwa anayechukia kusafisha, na ambaye kwa hiyo hasafishi, tungemshauri hii kabla ya 10/22. Bunduki inayosafishwa kwa dakika tano itasafishwa.

Smith & Wesson M&P15-22

Hii ilitoka 2009 kwa kazi maalumu: kumfanyisha mazoezi kwa risasi rahisi mtu aliyezoea bunduki ya mtindo wa AR-15. Kufuli ya usalama, kitufe cha kutoa magazini, mkono wa kuvutia bolti, vyote viko pale vilipo kwenye kaka yake. Bolti inabaki wazi risasi zikiisha, jambo ambalo 10/22 hailifanyi. Kiwiliwili cha juu na cha chini vyote ni plastiki.

Ikiwa hauna haja ya mazoezi hayo, unalipa zaidi kwa umbo. Pia kumbuka sheria. Uingereza ilipopiga marufuku bunduki za raia zinazojipakia mwaka 1988, iliziacha za .22 za kichocheo cha ukingoni. Australia tangu 1996 inaziweka kwenye daraja la masharti makali, na magazini isizidi risasi 10. New Zealand mwaka 2019 ilizisamehe pia, kwa kikomo hicho hicho cha 10. Kwingi kwingineko bunduki yoyote ya nusu otomatiki haimilikiwi na raia hata kidogo. Magazini ya 25 inayokuja kwenye boksi inaweza kuwa kosa la jinai peke yake, bila hata bunduki. Uliza mamlaka ya leseni kabla ya kulipa.

Mikwamo mingi ya M&P15-22 huanzia kwenye upakiaji. Magazini ina vitufe pembeni vya kushusha springi. Mtu akivishusha hadi chini na kumwaga risasi, zinakaa ovyo: ukingo wa risasi ya juu unakuwa nyuma ya ukingo wa ile ya chini, na bolti inapoisukuma inanasa. Shusha kwa kiasi cha risasi moja tu, weka, shusha tena. Ikijaa, igonge taratibu upande wa nyuma kwenye kiganja ili zilale sawa.

Jaribu kabla ya kulaumu

Nunua aina nne za risasi, hamsini hamsini: moja ya kasi yenye kichwa kilichopakwa shaba, moja ya kasi ya kawaida, moja ya jumla ya bei ya chini, na moja unayotarajia kuitumia kweli. Anza na chemba safi. Piga tano tano kwa mita 50 ukiwa umeegemea mfuko wa mchanga, na kila mkwamo uuandike: namba ya magazini, aina ya risasi, risasi ya ngapi, na umbo la mkwamo. Umbo ndilo linalosema.

Ganda limesimama mlangoni (tundu la kutokea maganda) kama bomba la moshi: bolti haikurudi nyuma vya kutosha au ekstrakta imeliachia mapema. Badilisha risasi kwanza, safisha chini ya kulabu ya ekstrakta, na kama bado, badilisha springi yake.

Ganda limebaki chemba na bolti imerudi tupu: chemba chafu, au kulabu imechakaa. Sugua chemba kwa brashi ya shaba, mizunguko michache. Wanaopiga risasi za kasi ya kawaida na baadaye wakahamia nyingine huona hili zaidi, kwa sababu nta imejenga pete.

Pua ya risasi imekunjwa, imegonga chini ya chemba: magazini, karibu kila mara. Ijaribu nyingine kabla ya kugusa chochote.

Alama ya pini ipo lakini ni hafifu, na hakuna mlipuko: uchafu kwenye njia ya pini au bolti haikufika mbele kabisa. Alama ni nzito na hakuna mlipuko: risasi mbovu. Kwa yote mawili, subiri sekunde 30 mdomo ukielekea mahali salama kabla ya kufungua bolti, kwa sababu kichocheo kinaweza kuchelewa.

Mlio mdogo, kama kizibo cha chupa: simama. Usivute triga tena. Kichwa cha risasi kinaweza kuwa kimekwama mtutuni, na kinachofuata kitapasua. Toa magazini, fungua bolti, hakikisha chemba ni tupu, kisha angalia mwanga kupitia mtutu.

Bunduki yenye afya, ikipewa risasi ya kasi ya chapa nzuri, isikwame zaidi ya mara moja au mbili kwa mia mbili. Ikizidi hapo kwa magazini zote na risasi mbili tofauti, irudishe wakati dhamana ingalipo.

Ukinunua iliyotumika

Hakikisha ni tupu, kisha leta tochi ndogo. Angalia ukingo wa nyuma wa chemba mahali pini inapogonga. Mtu aliyezoea kuvuta triga chemba ikiwa tupu, kwenye bunduki isiyo na kizuizi cha pini, huacha kishimo pale, na chuma kilichosukumwa kinatokeza ndani ya chemba kama mwiba mdogo. Ganda linaingia kwa kulazimishwa na linakataa kutoka. Kipime kwa mkono: chukua ganda tupu lililopigwa kwenye bunduki hiyohiyo, lisukume chemba kwa kidole, lizungushe robo robo. Likikwaruza sehemu moja tu, mwiba upo. Fundi mwenye chuma maalumu cha kunyooshea chemba huurudisha kwa dakika chache, kwa hiyo isiwe sababu ya kuikimbia bunduki. Iwe sababu ya kupunguziwa bei.

Baada ya hapo tazama vichwa vya skrubu. Vikiwa vimeliwa, kuna mtu aliyeingia ndani bila bisibisi sahihi, na kwenye Marlin hasa hiyo ina maana springi moja ndogo huenda imerudishwa kinyume au haikurudishwa kabisa.